Mwalimu aliyepigana vita sakafuni

Wasomaji wengi humjua Herbert George Wells kwa riwaya zake za kisayansi: mashine ya kusafiri katika wakati, mtu asiyeonekana kwa macho, na viumbe wa sayari ya Mirihi wanaoivamia Uingereza. Wachache mno ndio wajuao kwamba mwandishi huyo huyo huhesabiwa kuwa baba wa vita vya mezani, mchezo ambao watu wazima hupanga askari wadogo wa sanamu na kuvipigana upya vita vya kale kwa kanuni zilizoandikwa. Mimi nadiriki kusema kwamba kitabu chake chembamba kuhusu mchezo huo kinatufaa zaidi sisi walimu wa historia na wanafunzi wetu kuliko riwaya zake zote. Hata hivyo, maisha ya mwandishi mwenyewe yanatuonya kwamba funzo likishapatikana mchezoni halibaki moyoni kwa nguvu zake lenyewe.

Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 katika mji wa Bromley, kusini-mashariki mwa Uingereza. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa kubangaiza. Baba yake, Joseph, aliendesha duka dogo lililokuwa na faida haba, na aghalabu ilimbidi ajazilize pato lake kwa kucheza kriketi ya malipo. Mama yake, Sarah, alikuwa amewahi kuwa mtumishi katika nyumba ya matajiri. Mnamo 1874 mtoto huyo alivunjika mguu, naye alipolazwa kitandani aliletewa vitabu vya kumliwaza. Mguu ulipona, lakini tamaa ya kusoma haikumtoka tena. Mnamo 1877 ikawa zamu ya baba kuvunjika mguu. Pato la kriketi likakatika, mama akarudi utumishini, na wana wakatafutiwa kazi.

Hivyo ndivyo kijana Wells alivyojikuta katika duka la nguo mjini Southsea, akijifunza uanagenzi wa kuuza vitambaa. Aliichukia kazi hiyo kwa moyo wake wote. Mnamo 1883 alifaulu kuiacha, akawa mwanafunzi-mwalimu katika shule moja ya Midhurst. Mwaka uliofuata alipata ufadhili wa kusomea sayansi jijini London, ambako alifundishwa biolojia na Thomas Henry Huxley, mtetezi mashuhuri wa nadharia ya Darwin. Aliondoka huko mnamo 1887 bila shahada, akaenda kufundisha Wales, na huko akaumizwa figo katika mchezo wa kandanda na mmoja wa wanafunzi wake. Hakukata tamaa. Alirudi London, akaendelea kufundisha mchana na kujisomea usiku, hata akapata shahada ya zuolojia mnamo 1890. Afya mbaya ndiyo iliyomwondoa darasani mnamo 1893 na kumtupa katika uandishi. Miaka miwili baadaye riwaya yake ya kwanza ilitoka, na ile ya uvamizi wa Mirihi ikafuata mnamo 1898.

Nimetaja habari za ualimu wake kwa makusudi. Mtu huyu hakuwa ofisa wa jeshi wala mwana wa jemadari. Alikuwa mwalimu aliyezoea kujiuliza jinsi jambo gumu linavyoweza kuonyeshwa kwa vitu vidogo vinavyoshikika.

Mnamo 1895 alimwoa Amy Catherine Robbins, nao wakajaliwa wana wawili, George mwaka 1901 na Frank mwaka 1903. Michezo ya watoto hao ilimpa Wells kitabu kilichotoka mnamo 1911 kuhusu miji na visiwa vya kujengwa sakafuni kwa vipande vya mbao. Wakati huo maduka ya Uingereza yalikuwa yamejaa askari wa kuchezea wa kampuni ya Britains, ambayo tangu 1893 ilikuwa ikiwasubu kwa madini ya risasi, wakiwa na uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Kampuni hiyo iliuza pia mzinga mdogo wa springi uliofyatua kijiti cha mbao na kumwangusha askari upande wa pili wa chumba. Siku moja baada ya chakula cha mchana, rafiki yake Jerome K. Jerome, mwandishi wa vichekesho, aliuchukua mzinga huo akaanza kulenga shabaha. Mzaha ukazaa ushindani, na ushindani ukadai kanuni. Wells na marafiki zake walizijaribu na kuzirekebisha kanuni hizo, na mnamo 1913 akazichapisha katika kitabu alichokiita *Little Wars*. Katika jalada la ndani alikitoa kwa wavulana wa miaka 12 hadi 150, na kwa wasichana werevu wapendao michezo ya namna hiyo.

Kanuni zenyewe ni chache. Sakafu huwa nchi: vitabu na vipande vya mbao huwa vilima, vitawi huwa miti, na makasha huwa nyumba. Pazia hutandazwa katikati ili kila jemadari apange jeshi lake bila ya mwenzake kuona, kisha pazia huondolewa. Askari wa miguu husogea futi 1 kwa zamu, mpanda farasi futi 2. Mzinga haufyatuliwi ila uwe na askari wasiopungua wanne karibu nao. Vikosi vinapokutana ana kwa ana huangamizana mmoja kwa mmoja, isipokuwa kikosi kilichotengwa na wenzake, ambacho huweza kutekwa. Saa hupima muda wa kila zamu, kwa hiyo jemadari hana nafasi ya kutafakari hadi kesho. Hapana dadu ya kusingiziwa. Aliyeangushwa na kijiti ameanguka.

Ni kweli kwamba maofisa wa Prussia walikuwa na mchezo wao wa vita tangu 1824, wakiutumia kwa mafunzo ya kijeshi, na majeshi mengine yaliuiga. Lakini ule ulikuwa mchezo wa kambini, wenye ramani, mahesabu na mwamuzi. Wells aliutoa mchezo wa vita mikononi mwa wenye vyeo akauweka mikononi mwa raia. Isitoshe, aliandika bila kuwaonea haya wakubwa kwamba maofisa wa kweli waliojaribu kucheza naye, hata wenye nyota mabegani, walijikuta wamechanganyikiwa mara moja.

Sura ya mwisho ya kitabu hicho ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Baada ya kuusifu mchezo wake kwa furaha ya mtoto, Wells anabadilisha sauti. Anasema kwamba mtu akicheza mara tatu au nne tu, ataona jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la kupapasapapasa gizani, lisiloweza kuongozwa na akili ya binadamu yeyote. Anapendekeza wafalme wenye kiburi na wazalendo wenye pupa wafungiwe katika jumba moja kubwa lenye mazulia, miti midogo na askari wa bati wa kutosha, wapigane humo hadi wachoke, na sisi wengine tuachwe na maisha yetu. Kwa maoni yake, vita vikubwa ni ghali mno na vikubwa mno kwa vichwa vyetu.

Mimi na walimu wenzangu wawili tuliwahi kuyapima maneno hayo. Tuliunganisha madawati manne, tukaichora nchi ya Taveta kwa chaki, na kuuinua mlima Salaita kwa vitabu vya kiada. Punje za mahindi zikawa jeshi la Waingereza na maharagwe jeshi la Wajerumani. Vijiti vya kiberiti vilivyofyatuliwa kwa mpira vikawa makombora. Mwalimu aliyewaongoza Wajerumani aliandika mapema kwenye karatasi mahali alipoyaficha mahandaki yake. Mwalimu wa upande wa pili, ambaye miaka yote hufundisha vita hivyo bila kusita, aliyatuma mahindi yake yapande moja kwa moja. Zamu tatu hazikwisha kabla ya nusu ya jeshi lake kurudi kikombeni.

Kisha tukafungua historia. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliotumwa na Waingereza waliushambulia mlima Salaita. Mizinga yao ilipiga kileleni, kumbe mahandaki yalikuwa chini, miguuni mwa mlima. Walirudishwa nyuma kwa hasara. Sentensi hiyo tumeifundisha mara nyingi, lakini siku ile tuliijua kwa namna nyingine, kwa sababu tulikuwa tumeiona pupa ya jemadari asiyejua mbele kuna nini.

Hata hivyo, jambo moja lilinikera tulipokuwa tukikusanya punje. Hapakuwa na mpagazi hata mmoja mezani petu. Mchezo wa Wells una askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga, nao hauna nafasi ya Mwafrika aliyebeba unga na risasi kichwani kutoka kituo hadi kituo. Ilhali katika vita vile vya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa, wakiwazidi kwa mbali askari waliouawa kwa risasi. Jina la Kariokor jijini Nairobi linatukumbusha kikosi chao. Kwa hiyo mwalimu atakayeuleta mchezo huu darasani, kwanza awaulize wanafunzi: ni nani asiyekuwapo mezani?

Narudi kwa Wells, maana hapa ndipo maisha yake yanapokuwa mazito. Kitabu chake kilitoka 1913. Mnamo Agosti 1914 Ulaya ikaingia vitani. Mtu aliyekuwa ameandika kwamba vita vikubwa havina akili aliishika kalamu, akawahimiza Waingereza wapigane, na makala zake zikakusanywa katika kitabu kilichotangaza kwamba vita hivyo ndivyo vitakavyokomesha vita. Hakuwa mjinga. Mnamo 1903 alikuwa amebuni katika hadithi magari ya chuma ya kivita, miaka 13 kabla ya vifaru kuonekana katika medani. Mapema mwaka ule ule wa 1914 alikuwa ametoa riwaya iliyozungumzia mabomu ya atomiki. Aliona mbali kuliko wengi, lakini ngoma za vita zilipolia mtaani kwake, naye aliitika.

Mauti yalipoendelea, sauti yake ilianza kubadilika. Mnamo 1916 alitoa riwaya ya Bwana Britling, mwandishi wa makamo anayepoteza mwanawe katika mahandaki, na ambaye mwishoni anawaandikia wazazi wa kijana Mjerumani aliyekufa pia. Walakini mnamo 1918 Wells mwenyewe alifanya kazi kwa muda katika idara ya serikali ya propaganda. Vita vilipokwisha, alitumia umri wake uliobaki kutetea umoja wa mataifa yote chini ya sheria moja. Aliandika historia ya ulimwengu mzima, iliyotoka kama kitabu mnamo 1920, akiamini kwamba watoto wakifundishwa historia moja ya wanadamu wote hawatakuwa wepesi wa kuuana. Mnamo 1933 Wanazi waliviteketeza vitabu vyake. Mnamo 1940, mabomu yakiwa yanaiangukia London, alichapisha hoja zake juu ya haki za binadamu, na mjadala aliouchochea ulikuwa miongoni mwa chemchemi za Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Yeye hakuliona. Alifariki London tarehe 13 Agosti 1946, akiwa na umri wa miaka 79, mwaka mmoja baada ya bomu alilolitabiri kuiangamiza Hiroshima.

Mchezo wake haukufa. Mnamo 1962 Mwingereza Donald Featherstone alitoa kitabu kilichoufufua kwa kizazi kipya, na leo wapenzi wake wamo katika nchi nyingi. Wapo wanaosema kwamba ni upuuzi wa watu wazima, na wapo wanaohofia kwamba huwafanya vijana wavipende vita. Hofu hiyo siidharau. Askari wa bati ni mrembo, hatoi damu, na jioni hurudi kasanduni tayari kwa vita vya kesho. Lakini kitabu cha kiada kinachosema kwamba jeshi fulani lilishinda mwaka fulani, basi, kinaficha damu hiyo hiyo, tena bila kumpa mwanafunzi nafasi ya kuamua na kuona matokeo ya uamuzi wake.

Rai yangu kwa walimu ni hii. Wapeni wanafunzi punje, chaki na saa. Waacheni waamrishe, washindwe, na wahesabu waliokufa mmoja mmoja kwa sauti. Baadaye wasimulieni habari za Wells, mwalimu aliyeijua kweli akiwa amepiga magoti sakafuni, akashindwa kuishikilia mwaka mmoja tu baadaye aliposimama kuwahutubia wananchi wenziwe. Kuijua kweli hiyo si kazi kubwa sana, kwani maharagwe yanatosha kuifundisha. Kazi ni kuishika siku ile jirani zetu wote watakapokuwa wakishangilia.