Homer Davenport na mzee wa Aleppo

Mimi ni mtoto wa Lamu, mji wa punda, na kusema kweli farasi nimemuona kwa karibu mara chache tu. Lakini habari za Homer Davenport zimenikaa moyoni kwa sababu ni habari za nasaba, na nasaba sisi watu wa pwani twaijua. Kijana akija kuposa, swali la kwanza ni: mtoto wa nani?

Davenport alizaliwa mwaka 1867 karibu na Silverton, jimbo la Oregon, Marekani. Mamake alifariki yeye angali mdogo wa miaka mitatu. Utotoni aliokota kopo tupu la dawa ya kuchua lenye picha ya farasi wa Kiarabu, akalisafisha na kulitunza kama johari. Ukubwani akawa mchoraji wa katuni magazetini, na wanasiasa wakiiogopa kalamu yake.

Mwaka 1893 farasi wa Kiarabu waliletwa Chicago kwa maonyesho ya dunia. Davenport alipowaona alitekwa. Walioleta farasi hao walifilisika. Baadhi wakafa kwa moto, waliobaki wakapigwa mnada.

Ikabidi aende mwenyewe. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt, ambaye katuni ya Davenport ilimfaa sana kwenye uchaguzi wa 1904, alimsaidia kupata ruhusa ya Sultan Abdul Hamid. Pesa zilitoka kwa tajiri mmoja, Peter Bradley. Davenport na wenziwe wawili wakafika Aleppo, mji wa Sham.

Hapa ndipo ninapopapenda. Mgeni mwenye idhini ya Sultani angetarajiwa kwenda kwanza kwa liwali. Davenport akaanza kubisha hodi kwa Akmet Haffez, mzee aliyekuwa kiungo baina ya serikali na Mabedui wa Anazeh. Mzee aliona ameheshimiwa mno, akamtunuku Wadduda, farasi jike wa vita. Liwali naye, asikubali kushindwa ukarimu, akatoa farasi dume, Haleb. (Nyinyi mnaojua mambo ya harusi zetu mtaelewa mashindano hayo.) Haffez akafuatana naye jangwani, wakachanjiana udugu. Mgeni angejuaje farasi yupi ni wa asili na yupi wa kubabaishwa, bila mtu kama yule kando yake?

Farasi 27 wakashuka Marekani mwezi wa Oktoba. Mwaka uliofuata Haleb alishinda kombe la Justin Morgan, akiwapita farasi wa Kimorgan ambao ni fahari ya Wamarekani wenyewe. Mwaka 1908 ikaundwa klabu ya farasi wa Kiarabu, Davenport akiwa miongoni mwa waasisi, na nasaba zikaanza kuandikwa katika daftari lao.

Davenport alifariki Mei 1912 kwa homa ya mapafu, umri wake miaka 45, siku chache baada ya gazeti kumpa kazi ya kuchora mkasa wa Titanic.

Vizazi vya farasi wale wangalipo, na huitwa kwa jina la Davenport. Langu ni lalamiko dogo tu: jina la Haffez wanalitaja wachache, na la Said Abdallah wachache zaidi. Huyo ni kijana wa Kibedui aliyevuka bahari pamoja na Wadduda, akamhudumia huko New Jersey, mbali na kwao.