Whymper: Mshindi wa Matterhorn aliyeponea kamba iliyokatika

EDWARD Whymper, mchongaji picha aliyezaliwa London mwaka 1840, alikuwa na umri wa miaka 25 alipofika wa kwanza, yeye na wenzake sita, kwenye kilele cha Matterhorn nchini Uswisi, Julai 14, 1865.

Walishuka wakiwa wamefungwa pamoja kwa kamba. Douglas Hadow aliteleza, akawavuta watatu. Kamba ikakatika, wanne hao wakafa. Whymper na akina Taugwalder, baba na mwana, wakanusurika.

Ilibainika kuwa iliyokatika ilikuwa dhaifu kuliko kamba zote walizobeba. Taugwalder baba alituhumiwa kuikata, lakini uchunguzi ukamsafisha.

Whymper alifariki dunia Chamonix, Ufaransa, mwaka 1911. Leo wapandaji hushikiza kamba kwenye vyuma vilivyokazwa mwambani, ili anayeteleza asiwazoe wenzake.