Ohm: Mtoto wa fundi kufuli aliyefichua volti zinakopotelea

MITA ya fundi umeme, awe Sirari au Mugumu, ina alama ya kipimo kiitwacho ohm. Jina hilo ni la Mjerumani Georg Simon Ohm, na mwenye mashine ya kusaga aliye mwisho wa laini ana sababu ya kumfahamu.

Ohm alizaliwa mwaka 1789 mjini Erlangen. Baba yake alikuwa fundi kufuli aliyejisomea mwenyewe, hata akawafundisha wanawe hesabu na sayansi. Mwaka 1817 Ohm alipata kazi ya ualimu mjini Cologne, na katika maabara ya shule akaanza kupima nyaya za urefu na unene mbalimbali.

Alikuta kuwa waya mrefu huzuia umeme zaidi kuliko mfupi, mnene huzuia kidogo, na mkondo ukiongezeka volti nyingi zaidi hupotelea njiani. Chukua laini yenye ukinzani wa ohm 0.5. Ikipitisha ampea 20 hupoteza volti 10. Jioni, majirani wote wakiwasha, ikapitisha ampea 60, hupoteza volti 30. Aliyetarajia volti 230 anabaki na 200. Mota yenye mzigo uleule wa mahindi huvuta mkondo mkubwa zaidi, hupata joto, na ikiachwa hivyo koili huungua. Kuisuka upya ni gharama, na wateja nao hawasubiri.

Ohm alichapisha kitabu chake mwaka 1827. Wasomi wa kwao walikipokea kwa ubaridi, akaacha kazi Cologne, na hadi mwaka 1833 ndipo alipopata nafasi Nuremberg. Heshima ilitoka ugenini: Royal Society ya London ilimpa medali ya Copley mwaka 1841. Alifariki Munich mwaka 1854. Kipimo chenye jina lake kiliidhinishwa mwaka 1881 katika mkutano wa Paris.

Vijiji vya Tarime na Serengeti vimetawanyika, na laini hurefuka. Dawa ni waya mnene au transfoma iliyo karibu. Transfoma nyingi za kwenye nguzo pia zina tepu za kupandisha volti, mara nyingi asilimia 2.5 kwa hatua, lakini hiyo ni kazi ya mafundi wa TANESCO, umeme ukiwa umezimwa. Tena wakizidisha, aliye jirani na transfoma huunguza taa usiku wa manane. Mwenye mashine naye apime volti jioni, mota ikiwa inasaga, kwani kipimo cha asubuhi hudanganya.