Karani Aliyejenga Nchi Angani

Kutoka Tanga hadi Nyakisasa, wilayani Ngara, ni safari ya kuikata nchi yetu kutoka pwani hadi jirani na Rwanda na Burundi. Hata hivyo, jina la mtu mmoja wa Tanga limekwisha safiri njia hiyo yote, likaingia madarasani na majumbani. Mtu huyo ni marehemu Shaaban Robert. Wengi humjua kwa mashairi. Leo tunapenda kumkumbuka kwa riwaya zake za nchi zisizokuwapo, na kwa kazi yake ya mshahara, yaani ukarani wa serikali.

Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, tarehe 1 Januari, 1909, akasoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922. Mwaka 1926 aliajiriwa na serikali ya kikoloni katika Idara ya Forodha, akadumu humo hadi 1944. Baadaye alitumikia Idara ya Wanyama, ofisi ya serikali mjini Tanga, na hatimaye Idara ya Upimaji. Basi sehemu kubwa ya maisha yake ilipita mbele ya majalada. Alijua jinsi taarifa inavyoandikwa, na jinsi inavyoweza kulazwa isiamke tena.

Mwaka 1951 kilichapishwa kitabu chake Kusadikika, habari ya nchi inayoelea angani. Ulaya, Jonathan Swift alikuwa amekwisha buni kisiwa kirukacho mwaka 1726. Lakini Shaaban Robert aliipandisha nchi yake juu ili tuitazame vizuri ya kwetu. Humo kijana Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Katika kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alirudi na mashauri mema, na kila mmoja alitiwa gerezani. Mwishoni mfalme anasikia, Karama anaachiliwa, na wajumbe wanafunguliwa.

Wahakiki wengi wameona katika Kusadikika sura ya utawala wa Waingereza, ambao ulimwajiri mwandishi mwenyewe. Sisi hatuoni sababu ya kuukomesha ujumbe huo hapo. Serikali yoyote yaweza kumtuma mtu, kumlipia nauli, kisha ikamchukia kwa aliyoyaona.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya Uhuru. Riwaya yake nyingine, Kufikirika, aliyoiandika mwaka 1946, ilichapishwa mwaka 1967, mwenyewe akiwa kaburini. Naye alikuwa mjumbe aliyesubiri.

Wasomaji wetu wa visiwa vya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa maana ya kusubiri. Mjumbe wao huvuka maji, hufikisha shida za watu, kisha hurudi kungoja jibu. Kwa hiyo tunawasihi ndugu zetu maofisa, kabla ya kufunga jalada, wajiulize kama ndani yake hamna mjumbe aliyefungwa. Ikiwa yumo, hapana heshima kubwa wanayoweza kumpa karani huyu wa Tanga kuliko kumfungulia mlango.