Paul Morphy: Bingwa wa sataranji aliyeukimbia umaarufu wake

MCHANA wa Julai 10, 1884, joto la kiangazi likiwa limeulemea mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, mwanamume mmoja mfupi, mwembamba na mtanashati alirejea nyumbani kwao katika Mtaa wa Royal baada ya matembezi marefu. Aliingia kuoga kama ilivyokuwa desturi yake. Hakutoka tena akiwa hai.

Ilielezwa kuwa damu ilikuwa imejaa ubongoni, maradhi ambayo leo huenda yangeitwa kiharusi. Alikuwa na umri wa miaka 47. Kwa waliokuwa wakipishana naye barabarani, alikuwa wakili asiye na wateja, asiyeoa, mwenye kutembea peke yake na kuwashuku hata ndugu zake.

Jina lake lilikuwa Paul Morphy. Robo karne kabla ya siku hiyo, akiwa kijana wa miaka 21, alikuwa amewashinda takriban magwiji wote wa sataranji waliothubutu kuketi mbele yake, katika Marekani na Ulaya. Kisha akauacha mchezo huo, na katika maisha yake yote yaliyobaki hakutaka hata kuuzungumzia.

Morphy alizaliwa New Orleans, Juni 22, 1837, katika familia ya watu wenye uwezo na heshima. Baba yake, Alonzo Morphy, alikuwa mwanasheria aliyepanda hadi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Jimbo la Louisiana. Mama yake, Thelcide Le Carpentier, alitoka katika ukoo wenye asili ya Kifaransa na alikuwa hodari wa muziki.

New Orleans ya wakati huo ilikuwa bandari tajiri ya pamba na sukari, na pia soko kubwa la watumwa. Ungwana wa matajiri wake ulisimama juu ya jasho la watu wasiolipwa. Mtoto wa jaji alitarajiwa kuwa mwanasheria, mwanasiasa au mwenye mashamba. Mchezo ulikuwa burudani ya Jumapili alasiri, baada ya chakula, na si zaidi ya hapo.

Ni katika alasiri za namna hiyo ndipo mtoto huyo alipojifunza sataranji. Hakufundishwa na mtu. Inasimuliwa kwamba alikaa kimya akiwatazama baba yake na amiye, Ernest, wakicheza, hadi siku moja walipokubaliana sare na yeye akawaonyesha kuwa mmoja wao alikuwa na njia ya kushinda. Wakubwa walistaajabu, maana hawakujua kuwa mtoto anaujua mchezo.

Mwaka 1850 alifika mjini humo Johann Löwenthal, bingwa kutoka Hungary aliyekuwa ameikimbia nchi yake baada ya mapinduzi kushindwa. Alipangiwa kucheza na mtoto wa jaji, jambo ambalo bila shaka aliliona kuwa ni la kumfurahisha mwenyeji wake. Mtoto huyo alikuwa hajatimiza miaka 13. Löwenthal aliondoka New Orleans bila ya kumshinda hata mchezo mmoja.

Hata hivyo, familia haikumgeuza mtoto kuwa mchezaji wa kutembezwa miji. Alipelekwa Chuo cha Spring Hill, karibu na Mobile katika Jimbo la Alabama, ambako alisoma kwa bidii na kugusa kete mara chache tu. Baadaye aliingia chuo kikuu cha Louisiana kusomea sheria, na Aprili 1857 akahitimu. Baba yake alikuwa amefariki miezi michache kabla, Novemba 1856.

Hapo ndipo bahati ilipomchezea. Sheria haikumruhusu kufanya kazi ya uwakili kabla ya kutimiza miaka 21, naye alikuwa na miaka 19. Alikuwa na shahada mkononi na mwaka mzima wa kusubiri. Wakati huo huo, wapenzi wa sataranji nchini Marekani walikuwa wakiandaa mashindano makubwa ya kwanza ya taifa, yaliyopangwa kufanyika New York mwishoni mwa mwaka. Kijana aliyesubiri umri wa kuvaa joho la wakili alipanda meli kwenda kucheza.

Aliwatoa wapinzani wake mmoja baada ya mwingine. Katika fainali alikutana na Louis Paulsen, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyekuwa na sifa ya kufikiri polepole kupita kiasi. Siku hizo saa za kupimia muda wa wachezaji hazikuwa zikitumika, hivyo Paulsen aliweza kuutazama ubao kwa muda aliopenda huku Morphy akimsubiri. Morphy alishinda michezo mitano, akafungwa mmoja, na miwili ikaisha sare. Katika mmoja wa michezo hiyo alimtoa malkia wake mhanga, akampa mpinzani kete yenye nguvu kuliko zote, kisha akamwandama mfalme wa Paulsen hadi akakosa pa kukimbilia.

Siri ya Morphy haikuwa ujasiri pekee. Wachezaji wengi wa zama zake walipenda kushambulia mapema, kwa kete mbili au tatu, huku nyingine zikiwa bado zimelala. Yeye alizitoa kete zake zote haraka, akaiweka kila moja mahali penye kazi, akafungua njia katikati ya ubao, ndipo akashambulia. Wenzake walimwona kama mchawi wa mashambulizi. Waliokuja kuichunguza michezo yake baadaye waligundua kuwa ushindi ulikuwa umekwisha kuandaliwa kabla ya shambulio kuanza.

Juni 1858 alivuka bahari kwenda Uingereza akiwa na lengo moja kubwa, nalo ni kukutana na Howard Staunton, Mwingereza aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote katika sataranji ya miaka ya 1840. Staunton alikuwa na miaka 48, na wakati huo alikuwa ameshughulika na kazi ya kuhariri tamthilia za Shakespeare. Hakukataa kucheza, lakini pia hakucheza. Aliomba muda, akaomba tena, wiki zikawa miezi.

Wakati akisubiri, Morphy alimkabili tena Löwenthal, aliyekuwa amehamia London, akamshinda michezo tisa kwa mitatu, na miwili ikiwa sare. Fedha za ushindi hakuziweka mfukoni. Alizitumia kumnunulia mpinzani wake samani za nyumba. Huko Birmingham alicheza na watu wanane kwa wakati mmoja bila ya kuuona hata ubao mmoja, akiwa ameshikilia kichwani nafasi ya kila kete. Alishinda sita, akatoka sare mmoja na kufungwa mmoja.

Lakini katika safu yake ya gazeti, Staunton alianza kudokeza kuwa kijana huyo hana wadhamini wa fedha za dau, na kwamba ni mtu anayeishi kwa mchezo. Kwa mtoto wa jaji wa New Orleans, hilo lilikuwa tusi zito kuliko kufungwa. Morphy alimwandikia barua Lord Lyttelton, kiongozi wa chama cha sataranji cha Uingereza, akieleza kuwa yeye si mchezaji wa kulipwa na kamwe hajataka kujipatia riziki kwa ustadi wake. Pambano na Staunton halikufanyika kamwe.

Paris ilimpokea kwa namna nyingine. Katika mkahawa wa Café de la Régence, uliokuwa makao ya wachezaji wa sataranji tangu karne iliyotangulia, alimshinda Daniel Harrwitz, bingwa wa mahali hapo. Septemba 1858 alicheza tena na watu wanane bila kuuona ubao, kwa takriban saa kumi, na hakufungwa na yeyote. Umati ulimfuata barabarani ukimshangilia.

Katika siku hizo za Paris ndipo ulipochezwa mchezo unaofundishwa hadi leo kwa watoto wanaoanza kujifunza sataranji. Morphy alialikwa na Mtawala wa Brunswick katika kibanda chake cha heshima ndani ya jumba la opera. Akiwa huko, alicheza dhidi ya mtawala huyo na Hesabu Isouard, waliokuwa wakishauriana kila hatua. Katika hatua ya 16 alimtoa malkia wake. Katika hatua ya 17 mchezo ulikwisha. Alikuwa amebakiwa na ngome moja na askofu mmoja tu pamoja na mfalme na askari wake, lakini zilitosha, kwa sababu baadhi ya kete za wapinzani hazikuwa zimetoka nyumbani kwao tangu mchezo uanze.

Mtihani mkubwa ulimjia Desemba 1858. Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka Breslau na mshindi wa mashindano ya kimataifa ya London ya mwaka 1851, alisafiri hadi Paris kumkabili. Morphy alikuwa mgonjwa wa tumbo, amedhoofika baada ya kutibiwa kwa kunyonywa damu na ruba, na pambano lilibidi lifanyike katika hoteli aliyolala. Alifungwa mchezo wa kwanza, akatoka sare wa pili, kisha akashinda mitano mfululizo. Hadi mwisho alikuwa ameshinda saba, amefungwa miwili, na miwili sare. Anderssen, muungwana kwa tabia, hakutafuta visingizio.

Aliporejea Marekani mwaka 1859 alipokewa kama shujaa wa vita. New York ilimwandalia hafla kubwa na kumzawadia ubao wa fahari wenye kete za dhahabu na fedha. Boston ilimfanyia karamu iliyohudhuriwa na wasomi na washairi. Marekani, taifa changa lililozoea kuitazama Ulaya kwa unyonge katika mambo ya akili, lilikuwa limempata mtu wa kujivunia.

Ni katikati ya shangwe hizo ndipo ufa ulipoonekana. Inaelezwa kuwa mmoja wa wazungumzaji katika hafla ya New York aliitaja sataranji kana kwamba ndiyo kazi ya mgeni wa heshima, naye Morphy akakasirika waziwazi. Katika hotuba yake aliwaambia waliokuja kumtukuza kuwa sataranji ni burudani tu, na kwamba haifai kumwondoa mtu katika shughuli nzito za maisha. Ulimwengu ulikuwa unampa taji, naye alikuwa anaona haya kulivaa.

Alitangaza kuwa angecheza na mtu yeyote duniani kwa sharti la yeye kuanza akiwa na upungufu wa askari mmoja na kumwachia mpinzani hatua ya kwanza. Hakuna bingwa aliyejitokeza. Kwa mwaka mmoja aliandika safu ya sataranji katika gazeti la New York Ledger, kisha akarudi kwao kuanza kazi aliyoihesabu kuwa ndiyo kazi.

Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka. New Orleans ilitekwa na majeshi ya Kaskazini mwaka 1862, na Morphy akaondoka kupitia Havana hadi Paris. Aliporudi, ulimwengu aliozaliwa ndani yake ulikuwa umekwisha. Utumwa ulikuwa umekomeshwa, na matajiri wengi wa zamani walikuwa wamefilisika. Alifungua ofisi ya uwakili, ikafa. Waliofika pale walitaka kumwona bingwa wa sataranji, si kumpa kesi.

Hapo palikuwa na msiba wake. Kitu alichokiweza kuliko binadamu yeyote aliye hai, jamii yake ilimfundisha kukidharau. Kitu alichofundishwa kukiheshimu, jamii hiyo hiyo haikumpa nafasi ya kukifanya. Mcheza kinanda au mchoraji wa zama zake aliweza kuishi kwa kipaji chake na bado akaitwa muungwana. Mcheza sataranji aliyepokea fedha alihesabiwa jirani wa mcheza kamari.

Kadiri miaka ilivyopita, akili yake ilianza kuyumba. Alimshitaki shemeji yake kuhusu urithi wa baba. Aliamini kuna watu wanaotaka kumwekea sumu, akakataa chakula kisichoandaliwa na mama yake au dada yake. Mwaka 1875 ndugu walijaribu kumweka katika nyumba ya wagonjwa wa akili iliyoendeshwa na Wakatoliki, lakini alizitetea haki zake kisheria kwa ufasaha mkubwa hata wenyeji wakashindwa kumpokea. Pengine hiyo ndiyo kesi bora aliyowahi kuisimamia.

Wilhelm Steinitz, mchezaji mkubwa wa kizazi kilichofuata, alipofika New Orleans mwaka 1883 alitamani sana kuonana naye. Walikutana kwa muda mfupi barabarani. Morphy hakukubali kuzungumzia sataranji.

Mwaka uliofuata alikuwa amezikwa katika makaburi ya St. Louis mjini humo. Haukupita muda mrefu, mwaka 1886, Steinitz na Johannes Zukertort wakapambana kuwania ubingwa rasmi wa kwanza wa dunia. Pambano hilo lilianzia New York, likaendelea St. Louis, na likamalizikia New Orleans, ambako Steinitz alitawazwa bingwa.

Steinitz alikuwa akiishi kwa sataranji, akicheza, akiandika na kulipwa, na hakuona haya. Cheo ambacho Morphy alikistahili miaka 28 kabla, wakati ambapo hakikuwa na jina wala malipo wala heshima, kilipatikana hatimaye katika mji uleule aliozaliwa na kufia.