Mfalme Aliyekataa Kuuza Nchi

Katika bahari kuu ya Pasifiki kuna visiwa vingi vidogo viitwavyo Tonga. Huko alizaliwa Taufa'ahau, mwana wa mkuu mmoja, karibu na mwaka 1797. Siku zile wakuu walipigana wao kwa wao, wala nchi haikuwa na raha. Taufa'ahau akakua, akawa shujaa vitani. Mwaka 1831 alibatizwa, akapewa jina la George. Na mwaka 1845 alitawazwa kuwa mfalme, akaitwa George Tupou.

Wakati huo merikebu za wageni zilifika mara kwa mara. Wengine walitaka mafuta ya nazi, wengine walitaka mashamba. Mfalme akatambua ya kuwa fedha hutumika ikaisha, bali ardhi hudumu. Basi mwaka 1850 alitoa sheria kwamba mtu yeyote asimwuzie mgeni ardhi. Mwaka 1853 akasafiri mpaka Sydney, mji wa Australia. Yasimuliwa ya kuwa aliona huko maskini wasio na mahali pa kulala, akaambiwa kwamba hawana ardhi. Jambo hilo likamkaa moyoni.

Mwaka 1862 aliwaweka huru watu wa chini, waliotumikishwa na wakuu wao. Lakini mwaka uliofuata msiba ulitoka baharini. Merikebu ya wageni ilifika kisiwa cha 'Ata, na watu wapata 140 wakaingia ndani kwa biashara. Kumbe ni hila! Wakafungiwa, wakachukuliwa kwenda kuuzwa wafanye kazi ng'ambo. Mfalme alipopata habari akapeleka vyombo kuwachukua waliosalia, akawapa makao katika kisiwa cha 'Eua, wapate kuwa salama.

Mwaka 1875 aliwapa watu wake katiba. Ndani yake iliandikwa ya kuwa hapana atakayeuza ardhi ya Tonga, awe mkuu, awe raia, hata mfalme mwenyewe. Mgeni aliweza kukodi tu. Kisha Ujerumani mwaka 1876, na Uingereza mwaka 1879, zikafanya mapatano naye kama mfalme wa nchi yake.

Alifariki mwaka 1893, mzee sana. Tangu mwaka 1900 hata 1970 Tonga ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, lakini haikukosa wafalme wa kwao, wala ardhi yake haikuuzwa. Sheria ile ingali ikishikwa hata leo.