Maisha ya Mzee Jomo Kenyatta na Fundisho Lake juu ya Nyumba Zetu

Wazee wetu na ndugu wanachama, mwaka huu maneno mengi yamesemwa Lodwar na Kakuma juu ya nyumba na ardhi. Kwa hiyo tumeonelea vema kuwakumbusha maisha ya mtu aliyekaa katika nchi yetu ya Turkana, ingawa hakuja kwa hiari yake.

Marehemu Mzee Jomo Kenyatta alizaliwa Kiambu kabla ya karne iliyopita kuanza. Alisoma katika misheni ya Waskoti huko Thogoto, akabatizwa mwaka 1914, na humo alijifunza useremala. Baadaye alifanya kazi katika idara ya maji ya mji wa Nairobi, na mwaka 1928 akawa katibu wa chama cha Wakikuyu kilichodai ardhi. Alikwenda Uingereza mwaka 1929, akarudi huko tena mwaka 1931, akakaa miaka kumi na mitano. Kitabu chake cha mwaka 1938 chaeleza jinsi majirani walivyokusanyika kumjengea mwenzao nyumba, ikamalizika siku ile ile. Aliporejea mwaka 1946 alishika uongozi wa chuo cha Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya watu wenyewe.

Mwezi wa Oktoba 1952 alikamatwa, na mwaka 1953 akahukumiwa Kapenguria kifungo cha miaka saba. Alipelekwa Lokitaung, akawapikia wafungwa wenzake. Huku nyuma, watu wa kwao zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vilivyopangwa na serikali. Nyumba walizijenga kwa mikono yao, lakini hawakuulizwa zijengwe wapi wala kwa mpango gani. Nyumba yake mwenyewe ilibomolewa.

Mwezi wa Aprili 1959 alihamishiwa Lodwar, akakaa chini ya amri ya kutotoka, hata mwaka 1961 alipopelekwa Maralal. Mwezi wa Agosti mwaka ule alirudi Gatundu, katika nyumba aliyojengewa na serikali ile ile. Akawa Waziri Mkuu mwaka 1963 na Rais mwaka 1964. Neno lake la Harambee liliamsha vijiji vingi kujenga shule na zahanati. Alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978.

Hatumsifu pasipo kupima. Mpango wa serikali yake wa mwaka 1965 ulielekeza fedha mahali penye mvua na mazao, na nchi kavu kama yetu ikabaki nyuma. Wazee wetu wanakumbuka.

Hata hivyo maisha yake yana fundisho. Nyumba aliyoamriwa mtu kuijenga si sawa na nyumba aliyoiamua mwenyewe. Mama zetu wa Kiturkana tangu zamani ndio wajenzi, nao wajua upepo unatoka wapi na makuti ya mkoma yafungwe vipi. Kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei mwaka 2016, nyumba nyingi zilikuja zikiwa zimekwisha kupangwa. Lakini tangu mwaka 2018 baadhi ya jamaa za Kalobeyei walipewa fedha, wakachagua mafundi na kusimamia ujenzi wao wenyewe. Hilo laonyesha kwamba yawezekana.

Basi twawasihi wanachama wote: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yataka jamii iandikishwe, na ardhi yake isitolewe ila kwa kauli ya theluthi mbili ya watu wazima walioandikishwa. Asiyejiandikisha hana kauli siku hiyo. Wazee wasitie sahihi peke yao chini ya mti. Waite mkutano, akina mama wakiwamo, na ramani isomwe mbele ya wote. Mgeni tumkaribishe, kwani naye anahitaji paa. Lakini mahali pa kusimamisha nguzo tupaamue pamoja, kabla shimo halijachimbwa.